Kambare wala mwani wanakusumbua kwenye tangi la mimea? Tafuta dalili yako hapa

Malalamiko ni yale yale. Oto wamekufa wiki ya kwanza, pleko hali mwani, majani yana matundu, samaki kaganda juu ya maji anahema. Nimeyapanga kwa dalili, na kwenye kila dalili naanza na sababu inayotokea sana alafu nashuka mpaka zile za nadra, kwa hiyo ukishaona lako usiruke moja kwa moja kwenye dawa, maana kwa hawa samaki njaa na maji mabovu vinaua kuliko ugonjwa wowote na chupa ya dawa ndo kitu cha mwisho kushika.

Ninaowaongelea ni hawa: Otocinclus, ambao wengi tunawaita oto, vidogo vya sentimita 4 hivi. Ancistrus, yaani pleko wa ndevu, anafika sentimita 10 mpaka 13. Na Pterygoplichthys, yule pleko mkubwa anayeuzwa akiwa saizi ya kidole afu anakuja kuwa jitu. Wote ukoo mmoja, Loricariidae, asili yao Amerika Kusini na maeneo ya jirani. Corydoras ni kambare kweli ila mwani hali, huyo anatafuta mabaki chini kwenye mchanga. Gyrinocheilus, yule wanayemuita mla mwani wa Kichina, wala siyo kambare, ila nimemgusa kwenye sehemu ya kunyonya wenzake kwa sababu ndo bingwa wa hilo.

Kabla hujagusa chochote

Pima maji. Amonia (sumu inayotoka kwenye kinyesi na mabaki yanayooza) iwe 0, nitriti (sumu nyingine inayotokana na amonia) iwe 0, nitrati (hatua ya mwisho baada ya nitriti) ikizidi 40 mg kwa lita ujue umechelewa kubadilisha maji. Angalia joto kwa kipimajoto, siyo kwa namba iliyoandikwa kwenye hita, hita zinadanganya sana. Oto anataka nyuzi 22 mpaka 26, Ancistrus 22 mpaka 27. Alafu angalia tumbo la samaki kwa upande na kwa chini akiwa amejibandika kwenye kioo. Usiku zima taa, subiri saa moja, rudi na tochi uone nani anatembea na nani kalala tu. Mwisho jiulize wiki hii nimebadilisha nini, mbolea mpya, mbao mpya, dawa ya konokono, filta umeiosha kwa maji ya bomba? Nusu ya kesi zinaishia hapo kwenye hilo swali la mwisho.

Oto wanakufa mmoja mmoja baada ya kuletwa

Hii ndo namba moja, na ndo yenye maneno mengi, vumilia.

Sababu ya kwanza ni njaa waliyokuja nayo. Oto wengi hawazalishwi kwenye matangi, wanavuliwa porini, na kuanzia pale wanapovuliwa mpaka wafike kwako wanapita mikono mingi bila kula cha maana. Wewe unamchukua akiwa anaonekana mzima, kumbe ndani ameshaisha, anakaa siku chache anakufa na wewe unalaumu maji. Ndo maana kwenye oto kununua ni nusu ya matibabu: muangalie tumbo kabla hujalipa, liwe la mviringo, lenye rangi ya maziwa, lijae. Likiwa bapa au limeingia ndani muache hapo hapo hata kama unamuonea huruma. Na kama unaweza chagua wale walioshakaa dukani wiki mbili na zaidi, waliobaki hai muda huo wameshaonyesha kwamba wanakula.

Sababu ya pili, tangi bichi. Bakteria wa kusaga amonia wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kukaa sawa, hilo wengi wanajua, ila wasichojua ni kwamba kwa oto hata hapo bado mapema. Anaishi kwa kukwangua utelezi, ule utando laini wa vijidudu na mwani mwepesi unaoota kwenye kila kitu, majani, mbao, kioo, na utando huo kwenye tangi jipya lililosuguliwa likang'aa haupo. Subiri miezi miwili mitatu. Ukipitisha kidole kwenye gogo ukahisi linateleza, hapo sawa.

Ya tatu ni mshtuko wa kubadilishiwa maji. Mfuko unafunguliwa, samaki anamwagwa, kwisha. Oto hataki hivo. Muweke kwenye ndoo na maji ya mfuko wake, chukua mpira mwembamba wa hewa, funga fundo ili maji ya tangi yadondoke tone kwa tone, matone mawili matatu kwa sekunde, muda wa saa moja mpaka moja na nusu. Kama amesafiri muda mrefu sana kwenye mfuko uliofungwa, amonia humo inakuwa imejaa na inazidi ukali pale hewa safi inapoingia na pH kupanda, kwa hiyo huyo usimdondoshee muda mrefu, fanya fupi na umtoe kwenye yale maji. Maji ya mfuko usiyamwage kwenye tangi.

Ya nne, upweke. Oto wawili siyo kundi. Wanataka 6 kwenda juu, wakiwa wachache wanajificha, hawatembei kutafuta chakula, wanakonda.

Cha kufanya kwa waliobaki: zima taa siku ya kwanza, usitie dawa yoyote ya "kukinga", na weka chakula wanachokitambua. Njia nzuri kuliko zote ni mawe. Okota mawe laini ya mtoni, osha, yaweke kwenye chombo cha wazi chenye maji uliyotoa kwenye tangi, yaache juani wiki moja mbili mpaka yaote ukijani, afu unaingiza moja moja kwenye tangi. Oto ambaye hajawahi kuona kidonge cha chakula atapita pembeni yake kama hakioni, ila jiwe la kijani atalivamia. Baada ya hapo ndo unamfundisha zukini iliyochemshwa dakika mbili ikalainika.

Simama hapa: wakifa zaidi ya wawili ndani ya siku moja na vipimo ni 0 na 0, acha kuongeza vitu kwenye maji. Badilisha maji robo, ongeza hewa, na tafuta daktari wa mifugo anayeshika samaki au mfugaji mzoefu aje aone kwa macho. Aliyekufa sasa hivi muweke kwenye mfuko kwenye friji, siyo friza, daktari anaweza kumchunguza.

Tumbo limebonyea, macho yameingia ndani

Njaa. Kwa pleko macho yakishaanza kuzama hali ni mbaya sana, usingoje kesho.

Mara nyingi mwenye tangi anasema "lakini kuna mwani kibao". Ndiyo, ila mwani upi? Soma sehemu ya mwani chini. Na mwani peke yake haumtoshi Ancistrus mkubwa hata siku moja, huyo ni wa kulishwa kama samaki wengine: kipande cha zukini, tango, boga, spinachi iliyopitishwa maji moto, vidonge vya mwani vyenye spirulina, na gogo halisi la kukwangua. Lisha baada ya kuzima taa, vinginevyo tetra na wenzake wanamaliza kila kitu yeye akiwa pangoni. Mboga iliyobaki itoe asubuhi, ikioza inakuletea tatizo la amonia juu ya tatizo la njaa.

Kama anakula vizuri wiki nzima na bado anakonda, hapo fikiria minyoo au vijidudu vya tumboni. Angalia kinyesi. Cha kawaida kwa pleko ni kirefu na kina rangi ya alichokula, anatembea nacho kikining'inia na hilo halina shida kabisa, watu wanaogopa bure. Cheupe, chembamba, kama utepe mtupu wa ute, siku kadhaa mfululizo, hiyo ndo dalili. Dawa za minyoo zipo, ila kila aina ya minyoo ina dawa yake na kubahatisha kunaua, hiyo kesi mpelekee daktari.

Anapanda juu kuvuta hewa

Kwanza tofautisha. Samaki wa ukoo huu wana uwezo wa kumeza hewa na kuitumia tumboni, kwa hiyo oto au pleko akichomoka kama mshale mpaka juu, akagusa, akarudi chini, mara moja moja, huyo yuko sawa. Anayetuhusu ni yule anayekwenda kila baada ya dakika chache au ameganda karibu na mdomo wa filta, mashavu yanapiga haraka haraka.

Hapo angalia saa ngapi inatokea, kwa sababu muda unakuambia sababu kabla hata hujapima:

- Alfajiri, kabla taa hazijawaka: oksijeni imeisha. Mimea mchana inatoa oksijeni, usiku inaitumia kama samaki wanavyoitumia, na tangi lililojaa mimea na samaki wengi asubuhi linakuwa tupu. Weka pampu ya hewa kwenye taima iwake usiku tu.
- Saa chache baada ya taa na CO2 (gesi ya kaboni dayoksaidi tunayoiingiza kwa ajili ya mimea) kuwaka: gesi imezidi. Kile kichupa cha ndani ya tangi kinachopima CO2 kwa kubadilika rangi kikiwa kijani uko karibu na 30 mg kwa lita, kikiwa cha njano umepitiliza. Na kinachelewa kama saa mbili hivi kubadilika, kwa hiyo samaki akihema na kichupa bado ni kijani, muamini samaki.
- Muda wote, mchana na usiku: amonia au nitriti. Pima. Amonia inazidi ukali pH na joto vikipanda, ndo maana namba ile ile inayovumilika kwenye tangi la pH 6.5 inaua kwenye la pH 8.
- Siku za joto kali: maji moto yanashika oksijeni kidogo. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu.
- Umetoka kutia dawa: dawa nyingi zinapunguza hewa kwenye maji, jiwe la hewa lilitakiwa liwe ndani kabla.

Dharura ikiwa ya CO2 funga vali sasa hivi, tia jiwe la hewa, inua mdomo wa filta maji ya juu yatikisike. Ikiwa ya amonia au nitriti badilisha maji nusu, joto lifanane, na maji mapya yawe yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Kuna wanaoacha maji kwenye ndoo siku nzima klorini ijiendee, hiyo inafanya kazi kwa klorini tu, kama mamlaka ya maji ya kwenu inatumia kloramini unaweza kuyaacha wiki na bado ikawemo.

Mtungi wa CO2 wenyewe ukianza kupiga mluzi, au regula inaganda barafu, usijaribu kufungua kitu chochote. Fungua madirisha, toka chumbani, ita fundi wa mitungi ya gesi. CO2 haina harufu, inakaa chini, na chumba kidogo kilichofungwa ni hatari kwako wewe, samaki tuwaweke pembeni kwanza.

Hali mwani, tangi bado lina mwani

Sababu ya kwanza siyo samaki. Ni kwamba mwani ulionao haumo kwenye menyu yake. Ule wa kahawia, vumbi vumbi, unaokuja tangi likiwa jipya, oto anaufuta fasta mpaka unashangaa. Utando laini wa kijani kwenye majani na kioo, oto na Ancistrus wote wanakula. Madoa magumu ya kijani yaliyobandika kwenye kioo, hapo wanajaribu jaribu tu, chukua wembe ukwangue mwenyewe. Ule mweusi wa manyoya manyoya kwenye kingo za majani hawaugusi, huo unaletwa sana na CO2 inayopanda na kushuka na maji yasiyozunguka vizuri. Na ule utando wa kijani kibluu unaotoka kama shuka na unanuka, huo ni bakteria, hakuna samaki wa kuula, nyonya kwa mpira, boresha mzunguko wa maji, punguza uchafu. Maji yenyewe yakiwa ya kijani kama supu ndo kabisa, samaki anakwangua vitu, hachuji maji.

Ya pili: ameshiba. Ukimwaga chakula kingi cha samaki wengine pleko anajua pa kukipata. Punguza, siyo kumkatia.

Ya tatu ni umri, na hii inawahusu pleko wakubwa zaidi. Wakiwa wadogo wanakwangua mchana kutwa, wakikua hamu ya mwani inapungua na wanageukia vidonge. Pterygoplichthys mkubwa kama msafishaji ni hasara tupu, kinyesi anachotoa kinalisha mwani zaidi ya ule anaokula.

Kinachomaliza mwani ni taa kuwaka jumla ya saa 6 mpaka 8 kwa siku basi, kubadilisha maji kila wiki, na mimea inayokua kwa nguvu. Kambare wanashika usafi wa mwisho mwisho. Na tafadhali usimwage kaboni ya maji, ile ya chupa yenye glutaraldehaidi, zaidi ya kipimo ili "umsaidie", inaunguza mashavu ya samaki na ngozi yako pia, vaa glavu ukiishika.

Majani yana matundu au yamebaki kama wavu

Watu wanamshika mtuhumiwa wa kwanza, pleko. Saa zingine siye.

Anza na jani. Matundu madogo ya duara yanayoanza kama kidoa cha njano, pembeni yake kuna mduara wa njano au kahawia, kwenye majani ya zamani: hiyo mara nyingi mmea umekosa potasiamu, tia mbolea uangalie majani mapya yanavyotoka, ya zamani hayaponi. Jani lililokwanguliwa ngozi ya juu likabaki jepesi unaona mwanga, mishipa imebaki mizima, kwenye mimea ya majani mapana kama Echinodorus: huyo ni Ancistrus, na amefanya hivyo kwa sababu ana njaa. Mlishe mboga usiku wiki mbili, kwa wengi inaacha. Weka na gogo, akiwa na mbao ya kukwangua majani anayaacha.

Oto kutoboa jani zima ni nadra sana. Ukimkuta amekaa kwenye jani lililooza anakwangua, jani lilikufa kwanza yeye akaja baadaye kula utando.

Ikishindikana badilisha mimea, Anubias na Microsorum zina majani magumu yasiyomnogea.

Mimea inang'oka kila asubuhi

Pleko mkubwa anageuza mchanga. Funga mimea kwenye mbao na mawe, zungushia mashina kokoto nzito, au kubali kwamba huyo samaki na bustani ya majani madogo haviendani.

Amejificha, sijamuona siku nyingi

Pleko ni wa usiku. Mchana kukaa pangoni ni tabia, siyo ugonjwa. Tochi ya usiku inamaliza maswali mengi. Kama hata usiku hatoki angalia taa kali isiyo na kivuli, samaki mkorofi anayemchokoza, au hana pango na amejibana nyuma ya filta au hita. Hita isiyo na kizuizi inaunguza tumbo la pleko vibaya, na ukiona alama nyekundu ya mstari tumboni anza kuishuku hiyo, nunua kikapu cha plastiki cha kufunikia.

Dume la Ancistrus likigoma kutoka pangoni, linapepea mapezi, kuna vitu vya rangi ya machungwa nyuma yake, hongera. Ni mayai. Usimchomoe, usimulike kila saa, hatakula vizuri kwa wiki moja hivi na hiyo ni kawaida.

Ukilazimika kumhamisha pleko usitumie wavu. Miiba ya mapezi na ya mashavuni inanasa kwenye nyuzi na mkivutana yeye anaumia na wewe unachomwa. Msukumie kwenye chombo cha plastiki ndani ya maji. Akishanasa, kata wavu.

Ananyonya ubavu wa samaki wengine

Inawapata zaidi samaki wapana na wapole, diskasi na samaki malaika, na anayefanya ni pleko mkubwa au Gyrinocheilus mzima, mara chache oto mwenye njaa kali. Analamba ule ute wa ngozi. Sababu ya kwanza ni njaa: ongeza vidonge vya usiku na mara moja kwa wiki kitu chenye protini kidogo. Ya pili, ameshazoea, na hapo kulisha hakusaidii tena, akishaonja mara kadhaa harudi nyuma. Tenganisha. Kidonda kwenye samaki aliyenyonywa kinaweza kupona chenyewe maji yakiwa safi, ila kikitanuka au kikawa chekundu kwa ndani mtafutie daktari.

Wanapigana

Madume mawili ya Ancistrus kwenye tangi la lita 100 ni ugomvi wa kudumu. Dume lina ndevu ndefu zilizotawanyika mpaka katikati ya pua, jike halina au lina fupi za pembezoni mwa mdomo tu. Mapango yawe mengi kuliko samaki, yatazame pande tofauti. Bado? Mtoe mmoja.

Nukta nyeupe, ukungu, wekundu

Kwanza hakikisha ni ugonjwa. Ancistrus wadogo wana nukta za asili, bapa, zimepangika, alikuja nazo. Nukta za ugonjwa wa madoa meupe zimeinuka kama punje za chumvi, zinaongezeka siku hadi siku, zipo mpaka kwenye mapezi, na utamuona anajisugua kwenye vitu.

Mdudu wake akiwa ndani ya ngozi dawa haimpati, anapatikana pale anapodondoka na kuogelea kutafuta samaki mwingine, kwa hiyo ukiacha dawa siku nukta zinapotoweka umejidanganya, endelea siku kadhaa kama karatasi ya dawa inavyosema. Joto linaharakisha mzunguko huo ila ongeza taratibu, nyuzi moja kwa siku, na hewa iwe nyingi, oto hapendi joto la 30.

Sasa dawa yenyewe. Kambare hawa hawana magamba ya kawaida, wana mabamba ya mfupa mgongoni na wengi tumbo lao liko wazi, na ukoo mzima unaumizwa haraka na dawa ambazo samaki wengine wanazivumilia. Soma kama karatasi ina kipimo cha samaki wasio na magamba, fuata hicho. Dawa yenye shaba kaa nayo mbali, na kumbuka dawa nyingi za kuua konokono zina shaba. Chumvi nyingi nayo inawasumbua wao na mimea yako kwa pamoja. Mkaa wa filta utoe kabla ya kutibu, vinginevyo unanyonya dawa. Usichanganye dawa mbili kwa sababu hujui tatizo ni lipi, hapo tangi lote linaondoka.

Ukungu mweupe wa nyuzinyuzi mara nyingi umeota juu ya kidonda kilichokuwepo, tafuta kilichomjeruhi. Wekundu tumboni na kwenye mizizi ya mapezi, samaki kalegea, ni bakteria wa ndani au amonia imemuunguza. Vipimo vikiwa safi, ni antibayotiki, na antibayotiki siyo za kujipimia, hapo ni daktari.

Tumbo limevimba kama puto

Ancistrus aliyelishwa minyoo ya damu na nyama nyama kila siku: utumbo wake ni mrefu, wa kusaga mimea. Mnyime chakula siku mbili, rudi na mboga. Jike lenye mayai nalo linanenepa ila linatembea na kula kama kawaida. Uvimbe pamoja na kulala ubavu, kushindwa kujibandika kwenye kioo, macho kutoka nje, hiyo ni hatua ya daktari na uwezekano wa kupona ni mdogo.

Pleko amekuwa mkubwa kuliko tangi

Siyo kweli kwamba anakua kulingana na tangi, kinachotokea ni kudumaa. Pterygoplichthys anapita sentimita 30, wengine 40, na lita 400 kwake ni mwanzo. Rudisha dukani, mpe mwenye bwawa la ndani. Usimtupe mtoni wala ziwani hata kama unamuonea huruma: Florida, Meksiko na Ufilipino wamejaa hawa waliotoroka au kutupwa, wanachimba mashimo kwenye kingo mpaka udongo unaporomoka.

Na wewe mwenyewe

Ukiingiza mkono ukahisi maji yanakuchoma choma kama shoti, toa mkono, usiguse kingine, zima umeme kwenye swichi kuu na siyo kwenye plagi ya karibu na maji. Ita fundi umeme. Hita iliyopasuka haizibwi na gundi. Waya zote ziwe na mkunjo unaoning'inia chini ya soketi ili maji yakitiririka yadondokee hapo na yasifuate waya mpaka kwenye plagi.

Kama una kidonda mkononi vaa glavu. Kuna bakteria wa matangini, Mycobacterium marinum, anaingia kwenye michubuko na kuacha uvimbe au kidonda kisichopona kwa wiki nyingi, na mwiba wa pleko ndo mlango mzuri kwake. Ukiwa na kidonda cha namna hiyo nenda hospitali na mwambie daktari kwamba unafuga samaki, asipojua hilo anaweza kukuzungusha na dawa zisizohusika.